Pamoja na Mmoja Mmoja

"Mmoja mmoja ni kila mtu na yake," Kiema alisema. "Hiyo hata mtoto wa nasari anajua."

Wakili Wariara aliweka kalamu mezani. Alikuwa mama wa makamo kutoka Murang'a, aliyefungua ofisi hapa mjini Wote zamani, hadi siku hizi akawa anawawahi wateja wake kwa salamu za Kikamba. Kwa kawaida aliongea mbiombio, simu ikilia huku na karani akigonga mlango kule. Leo alikuwa amezima simu. Nzilani, mke wa Kiema, aliiona ile simu imelala kifudifudi kando ya faili, akavuta kiti chake karibu na cha mumewe.

"Mzee Kiema, hapo ndipo mlipokosea," wakili alisema. "Mlisaini watu wanne kwamba kampuni ikishindwa kulipa, mtalipa nyinyi, kwa pamoja na mmoja mmoja. Pamoja ni nyote. Mmoja mmoja ni yeyote kati yenu, akiwa peke yake, kudaiwa deni lote. Si robo yake. Lote."

"La watu wanne?"

"La watu wanne."

Kiema alicheka kidogo, akamgeukia mkewe ili wacheke pamoja. Alipoona hacheki, akaacha kicheko chake kife polepole, kama mtu anayesimamisha baiskeli.

"Sasa hiyo si pamoja," alisema. "Hiyo ni kumshika mtu."

"Ndivyo ilivyo, mzee."

Nzilani alizikumbuka vizuri siku za kukubaliana, maana ndiye aliyepika. Ilikuwa Krismasi, na Gedion, mdogo wake Kiema na kitindamimba cha mama yao, alikuwa amekuja kutoka Uingereza, anakofanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba za wazee. Alikuja na koti zito lisilofaa kabisa kwa jua la Makueni, na wazo ambalo alikuwa amelibeba kwa uangalifu kama mayai. Kule Leeds, alisema, kuna nyumba katika jengo refu, vyumba viwili, karibu na chuo kikuu. Wanafunzi wangepanga, kodi yao ingelipa mkopo, na mkopo ukiisha nyumba ingekuwa ya ukoo. Peke yake benki zingemkataa, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo. Lakini mkopeshaji mmoja alikubali kuikopesha kampuni, ile nyumba ikiwa rehani. Basi wakaunda kampuni ya watu wanne: Gedion mwenyewe, Kiema, dada yao Mbinya anayeishi Kitui mjini, na binamu yao Mwau, mfugaji wa mbuzi huko Tseikuru. Wakaiita Ivia Limited. Ivia ni jiwe, na jiwe halisukumwi na upepo, Gedion alisema. Lile neno Limited likawapendeza hata zaidi. Gedion aliwaeleza kwamba maana yake ni mpaka: deni la kampuni huishia mlangoni pa kampuni, haliingii kwa mtu nyumbani.

Kisha ikaja karatasi nyingine, ya udhamini, iliyouvunja ule mpaka, nao wakaupita bila kuuona. Kiema aliuliza inasema nini. Gedion akasoma Kiingereza chake, akatafsiri neno kwa neno: kwa pamoja na mmoja mmoja.

"Kumbe ni mwethya tu," Mwau alisema huku akitafuna mfupa, na wote wakacheka kwa kuelewa.

Kila mtu pale alikuwa amelima katika mwethya, kikundi cha majirani cha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mnaitwa pamoja, mnakuja pamoja na majembe yenu, lakini kiongozi hupita na fimbo akimpimia kila mtu kipande chake cha mtaro. Ukimaliza kipimo chako unafuta jasho, unakwenda kukaa. Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa auchimbe mlima wote kwa sababu wenzake hawakufika. Na Mbinya, aliyekuwa mwanachama wa sacco ya akiba na mikopo ya wafanyabiashara, akaongeza kwamba hata kwao mkopaji akitoroka, deni hugawiwa wadhamini sawasawa. Gedion alitikisa kichwa kukubali. Baada ya sikukuu wakaenda Kitui, wakasaini mbele ya wakili mmoja aliyewauliza kama wameelewa, nao wakaitikia kama wanafunzi darasani.

Gedion mwenyewe aliamini hivyo, na hilo ndilo lililomuumiza Nzilani kuliko yote. Laiti Gedion angekuwa mwongo, wangepata wa kumchukia.

Mwanzoni kodi iliingia vizuri. Halafu ikagunduliwa kwamba kuta za lile jengo zimefunikwa kwa kitu kinachoshika moto upesi. Wapangaji wakahamishwa. Wenye nyumba wakaambiwa wachangie matengenezo ambayo hayakuanza, na hakuna aliyetaka kununua nyumba ya kuungulia. Mkopo haukujali hayo, uliendelea kudai. Gedion alilipa kutoka mshahara wake mpaka mshahara ukaisha, akakopa kwingine, na mwisho mahakama ya huko ikamtangaza mufilisi. Kampuni ikafa. Amri ya mahakama ya Uingereza ya kuwataka wadhamini walipe ikavuka bahari, ikasajiliwa Nairobi, ikafika kwa Kiema.

"Kwa nini mimi?" Kiema alimuuliza wakili. "Majina ni manne."

"Kwa sababu wewe unashikika. Gedion hana kitu. Nyumba ya Mbinya ni ya mumewe. Mwau analisha kwenye ardhi ambayo serikali haijaigawa, hana hati. Wewe una hati, una michungwa, una kisima."

"Kwa hivyo ningekuwa mvivu ningepona."

Wariara alieleza yaliyobaki, naye Nzilani akayashika yote. Shamba lingepigwa mnada kabla ya msimu wa machungwa. Wakipata malipo ya maana ya kuonyesha, angejaribu kuomba mnada usogezwe hadi baada ya mavuno. Si kuuzuia. Kuusogeza. Na shamba likishauzwa, Kiema angekuwa na haki ya kuwashtaki wenzake watatu, kila mmoja arudishe sehemu yake.

"Nimshtaki dada yangu?" Kiema aliuliza.

"Sheria inakuruhusu."

"Sheria haikunyonya na yeye ziwa moja," alisema, akavaa kofia yake.

*

Nzilani alikwenda Kitui peke yake. Kiema alikataa kuwaombaomba ndugu zake, lakini hakumkataza, na baada ya miaka mingi ya ndoa yeye alijua kutofautisha hayo mawili.

Mbinya alikuwa na duka la sare za shule nyuma ya soko. Alimpokea kwa mikono miwili, akamwondolea masweta kwenye kiti.

"Mama Kim, umekonda. Ama ni hiyo nguo?"

"Ni mimi."

"Basi leo utakula. Nimeagiza githeri hapo kwa jirani, ile iko na avokado."

Walikula. Waliongea juu ya mvua, juu ya mchungaji mpya ambaye mahubiri yake hayana breki. Mteja aliingia, akalalamika kwamba sketi ni fupi, akaambiwa mtoto ndiye mrefu. Alipotoka, Nzilani akasema kilichomleta.

Mbinya alifunika bakuli lake taratibu.

"Mimi nilisaini kama dada," alisema. "Sikusaini kama tajiri."

"Hakuna aliyesaini kama tajiri."

"Wewe hata hukusaini."

"Sikusaini. Lakini ndimi nitakayehama."

Mbinya alitazama mlangoni, kama aliyeomba mteja mwingine aingie. "Nikigusa pesa ya duka, mzee wangu atajua. Na akijua nilisaini, hiyo ni vita. Hajui, Mama Kim. Mpaka leo hajui. Nyinyi mko na shamba, mnaweza kuuza kidogo mkabaki na kidogo."

"Haliuzwi kidogo."

"Nani amesema?"

"Wakili. Wanauza hati nzima."

Mbinya aliinuka, akachambua kwenye rafu, akatoa sweta ya kijani, akaipima kwa macho na kuikunja. "Ya Kim. Ile yake nilimwona nayo kanisani, viwiko viko nje." Aliitia kwenye mfuko, akaongeza soksi.

Nzilani alipokea. Njiani alitaka kuitupa ile sweta, kisha akaona haya, maana ilikuwa sweta nzuri, na aliyeitoa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na mlango, duka na mume wa kurudi kwake.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Gedion alipiga simu. Alikuwa akilala kwenye chumba cha rafiki yake, wakipokezana kitanda kwa zamu za kazi. Kiema aliweka simu juu ya meza ili Nzilani naye asikie.

"Kaka, niambie nifanye nini," Gedion alisema. "Chochote. Nirudi?"

"Ukirudi utafanya nini huku?"

"Nichimbe."

"Uchimbe wapi?" Kiema aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza saa. Walimsikia Gedion akipumua. Nyuma yake mtu alikuwa akikaanga kitu. "Kula vizuri," Kiema alimwambia mwishowe. "Baridi ya huko ni mbaya kwa mtu mwenye njaa." Akakata simu, akatoka kwenda kupogoa michungwa. Matawi makavu aliyakata yote, hata ya ile miti ya mwisho kabisa mpakani, kwa utulivu ule ule wa kila mwaka. Nzilani alimtazama kutoka jikoni akashindwa kumwita. Angemwambia nini? Aache kuitunza miti kwa sababu si yake tena?

*

Mwau alifika siku ambayo Kiema alikuwa ameitwa Wote na wakili. Nzilani alikuwa amepata simu mapema. "Mwau yuko njiani," Kiema alimwambia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sauti yake ilikuwa na uhai. "Ameuza mbuzi. Wakili anasema tukiwa na hiyo, anaweza kuandika ombi leo leo, tuvune kwanza. Mwambie aningoje."

Mwau aliingia uani akiwa na koti lake la kanisani na viatu vyeupe kwa vumbi. Tseikuru ni mbali. Alikuwa amelala Kitui kwa mtu, akaendelea asubuhi.

"Shemeji, mbona hamkufuga mbwa?" alisema. "Nimeingia hapa na mali na hakuna hata wa kunibwekea."

"Karibu, Mwau. Mbwa alikufa."

"Pole. Alikuwa amesaini?"

Nzilani alicheka, akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe. Alimwekea maji ya kunawa, akampikia ugali na kunde, akakaa akimtazama anavyokula kwa raha ya mtu asiye na deni moyoni. Mwau alimsimulia mnada wa mbuzi. Wanunuzi wa soko la Kwa Vonza walikuwa wameleta lori, nao waliwachukua wote, beberu na majike na vitoto. "Wamebakiza mmoja tu, yule wa jicho moja. Walisema anawaangalia vibaya." Alijipapasa kifuani, mahali koti lilipovimba. "Sasa nimekuja kumaliza kipimo changu. Robo yangu hii hapa, karibu yote. Iliyobaki nitaleta mvua ikinyesha. Mniandikie karatasi kwamba Mwau amechimba, Mwau ametoka."

Nzilani aliondoa sahani mezani. Aliziosha polepole zaidi ya haja, ili apate muda. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Kiema angefika, angeshukuru, wangekwenda kwa wakili, na machungwa yangeiva yakiwa yao. Msimu mmoja. Kim angemaliza muhula bila kubadilisha shule. Yeye mwenyewe angepata miezi ya kuzoea wazo la kufunga mlango huu kwa mara ya mwisho. Na Mwau angerudi Tseikuru akiwa na zizi tupu na karatasi isiyo na maana, akiamini ametoka.

Alipangusa mikono, akaja kuketi.

"Mwau, hakuna wa kukuandikia karatasi hiyo."

"Wakili wenu hajui kuandika?"

"Hutoki. Ukilipa hiyo robo bado jina lako liko kwa deni lote. Si mwethya. Hakuna aliyepima."

Mwau alikunja uso. "Ati nikimaliza changu naendelea na chenu?"

"Na cha Mbinya. Na cha Gedion. Wakitaka."

"Basi nikilipa nimelipa nini?"

"Umelipa muda. Shamba litauzwa hata hivyo. Litauzwa baada ya machungwa badala ya kabla."

Kuku mmoja aliingia, akadonoa chembe ya ugali chini ya kiti cha Mwau, naye hakumfukuza.

"Na nisipolipa?"

"Kule Tseikuru hawana cha kushika. Huna hati. Wakikutafuta watapata kichaka."

"Na mimi mwenyewe nikiwa ndani yake." Alijaribu kutabasamu. "Kwa hivyo mmoja mmoja ni Kiema."

"Ndiyo."

"Kiema anajua unaniambia haya?"

"Hajui. Anakuja. Ameniambia ungoje."

Mwau aliingiza mkono kifuani, akautoa mtupu, akaurudisha tena. Nzilani aliona kwamba alikuwa akipigana na nafsi yake, akajua pia kwamba pigano hilo angelishinda vibaya: angetoa. Ndugu yake akiingia pale mlangoni na uso wa matumaini, Mwau angetoa hata lile koti. Ndiyo maana alisimama, akachukua kikapu kilichokuwa ukutani.

"Wale wa lori la Kwa Vonza hawawezi kuwa wamechinja mbuzi wote," alisema. "Majike wanauzwa tena. Nenda leo, utapata hata nusu."

"Unanifukuza kwenye kazi ya ukoo, shemeji."

"Nakufukuza."

"Miaka yote nimekuja hapa, hujawahi kunifukuza hata nilipoimba."

"Uliimba vibaya. Leo ni tofauti."

Alimjazia kikapu yale machungwa machache ya mapema, yenye ganda la kijani bado, na Mwau akakipokea akiwa ameinamisha kichwa. Alimsindikiza mpaka barabarani. Hawakusema kitu njiani. Pikipiki ilipokuja, Mwau alipanda, akakiweka kikapu magotini, akamtazama kwa macho mekundu.

"Siku ya kuhama mniite," alisema. "Kubeba kitanda hakuna kusaini."

Nzilani alisimama mpaka vumbi likatulia. Hakujiona mwema. Alijiona mwizi aliyemwibia mumewe msimu mmoja wa machungwa, na alipokuwa akirudi alijaribu kutafuta maneno, akakuta kila neno linaanzia mahali pabaya.

Kiema alirudi jua likishuka. Aliingia kwa hatua za haraka, akaita, "Mwau!" Akatazama sebuleni, akatazama nyuma ya nyumba. Kisha akamwona mkewe ameketi peke yake kwenye benchi nje ya jikoni.

"Yuko wapi?"

"Amerudi."

"Na pesa?"

"Amerudi nayo. Nimemrudisha mimi."

Alimweleza yote, hata lile la mbuzi wa jicho moja. Kiema alisikiliza akiwa amesimama, mfuko wa wakili umebanwa kwapani. Ndani yake mlikuwa na ombi lililokwisha kuchapwa, likisubiri tu malipo yatajwe. Upande wa pili wa bonde jirani yao alikuwa akiwaita ng'ombe. Uso wa Kiema ulibadilika mara nyingi, na mara moja Nzilani alidhani atapiga kelele. Angependelea kelele.

"Ungeniuliza," alisema hatimaye.

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya, hata jibu lilipokuwa la kumwaibisha.

"Ningechukua," alisema.

"Najua."

"Ningemwambia imesaidia."

"Najua, Baba Kim."

Kiema aliuweka ule mfuko chini, karibu na jiko. Aliitazama michungwa, mstari kwa mstari, mpaka mahali giza lilipoanza kuila. Nzilani alisogea kidogo kwenye benchi, naye baada ya muda akaja akakaa.